Goti la Enoch Tordoff

Jumatatu, 23 Agosti 1954
Leo mimi, Percy Oldroyd, katibu wa ratiba wa kaunti ya Yorkshire na wa klabu ya Hagthorpe, nimewamaliza Ossley kwa kalamu tu. Mechi ya raga ya Yorkshire na Lancashire nimeipanga Jumatano, tarehe 8 Septemba. Jumamosi ya tarehe 11 Ossley, watani wetu wa jadi, wanakuja kucheza kwetu. Wao wana wanne kwenye timu ya kaunti, sisi hatuna hata mmoja. Wanne hao watapondwa Jumatano, Jumamosi waje wakichechemea. Barraclough, katibu wao, nilidhani atapinga kikaoni. Wapi! Alinipa sigara, akasema nimechagua tarehe nzuri sana. Maskini, hesabu haijui.

Ijumaa, 27 Agosti
Balaa. Barua ya kaunti imekuja, kwa kupitia kwangu kama ilivyo desturi. Wamemchagua Enoch Tordoff. Wetu! Nguzo ya safu yetu ya mbele! Ana miaka thelathini na mitatu. Mara tatu amesafiri na kaunti kama mchezaji wa akiba, mara tatu amerudi na jezi safi. Marehemu baba yake, seremala wa mgodini, alimtengenezea kisanduku cha kioo cha kuwekea kofia ya kaunti, ile apewayo anayeichezea. Kiko juu ya meko mwaka wa kumi na moja huu, kitupu. Mama yake hukifuta vumbi kila Ijumaa.

Leo ni Ijumaa. Nimejibu kwamba Enoch ana goti bovu, la kulia. Ni kwa ajili ya klabu: Jumamosi namtaka mzima. Barua yao nimeificha nyuma ya saa ya sebuleni.

Jumapili, 29 Agosti
Kanisani Bibi Tordoff alikaa ubavuni mwangu. Akaninong'oneza kama kaunti wameandika. Nikasema bado. Akanipa peremende, akasema nikisikia lolote nimgongee mlango hata kama amelala. Nilimumunya peremende yake wimbo wa toba mzima. Naona aibu hata kwa meno.

Jumatatu, 6 Septemba
Hilda, mke wangu, akimenya viazi, aliuliza mbona barabara ya Ossley haina mtu. Akajijibu mwenyewe: kumbe ni wiki ya sikukuu yao, mgodi umefungwa, mji mzima uko Bridlington baharini.

Nilikaa chini. Kabla ya kupanga tarehe nilikagua ratiba ya ligi, ya mbio za njiwa, hata ya mashindano ya bendi. Sikukuu ya Ossley sikuikagua, kwa sababu mtu wa Hagthorpe hataji sikukuu ya Ossley hata kwa jina. Barraclough alijua. Wale wanne wameiandikia kaunti kwamba wako likizo na wake zao hawasikii la mtu. Jumatano watakuwa mchangani wakila samaki.

Jumanne, 7 Septemba
Telegramu. Kaunti imepungukiwa, inauliza goti la Tordoff limepona? Neno moja tu lilitakiwa. Lakini nikisema limepona, wataanza kuulizana liliumia lini. Nikajibu: bado. Hilda aliniuliza mbona nimekuwa mwekundu. Nikasingizia jiko.

Alhamisi, 9 Septemba
Yorkshire wamefungwa. Gazeti limeandika: "Tordoff wa Hagthorpe hakucheza, goti." Enoch alikuja kwangu baada ya zamu ya mgodini, bado hajaoga, uso mweusi kwa makaa, gazeti mkononi.

"Goti gani?"

Nilisema makarani wa kaunti huchanganya majina. Alikuwa akiitazama saa. Pembe ya barua ilikuwa imechungulia. Akaichomoa, akaisoma amesimama, akaikunja vizuri.

"Mama alisoma gazeti kwanza," akasema. "Amenifunga goti kwa kitambaa cha flana, Bwana Oldroyd. Anadhani namficha."

Tangu utoto wake ameniita Percy. Ningetamani anipige.

Jumamosi, 11 Septemba
Ossley 31, sisi 2. Wale wanne walikuwa wamenona, wamebabuka jua, wakikimbia kama ndama. Enoch alikaba peke yake dakika themanini, kwa magoti yote mawili. Barraclough alinishika bega, akasema tarehe zote niwe napanga mimi. Kwenye dirisha la kuuzia pai uwanjani Bibi Tordoff alinipakulia bila kunitazama, na njegere akaniongezea. Zilinishinda.

Jumapili, 12 Septemba
Nimekwenda kwao, nimeungama yote, kofia mkononi. Enoch alisema tu kwamba Machi atatimiza thelathini na minne. Mama yake akamwambia aninyamazie, mtu mzima analia. Kisha akanigeukia: "Wewe umekitia uongo kisanduku cha mume wangu, Percy. Sasa tafuta cha kukitia." Nikaapa mbele ya kisanduku chenyewe kwamba sitasema uongo tena.

Nimerudi nyumbani moyo mweupe. Oktoba kaunti inacheza na Cumberland, na nafasi ya Enoch wamempa Lumb wa Ossley. Haki haiji yenyewe, lazima isukumwe. Nimeshaandika barua kwa kamati kuwaarifu, kwa masikitiko, kuhusu goti la Lumb.

La kushoto. La kulia nilishalitumia.