Kilima cha Bibi Brekke na Dume Aitwaye Shemasi

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimeamka mzima. Nashukuru. Ng'ombe wote wametoa maziwa, hata yule mpiga mateke. Nashukuru tena.

Saa nne Bibi Brekke akatuita jikoni kwake, mimi na shemeji Rudy. Kahawa, biskuti, kisha maneno mazito. Yule kulungu dume mkubwa amemkwangulia magome mitufaa mingine miwili kwa pembe zake. Mitufaa yenyewe aliipanda marehemu mumewe. Bibi amechoka naye. Amechoka na sisi pia, kasema. Kilima chake ni kidogo, na kila mwaka wanaume wazima wawili wenye pinde wanapishana humo kama kuku waliofungiwa stoo. Basi atakayemwangusha dume huyo, kilima ni chake kuwinda maisha yake yote. Mwingine atafute pa kwenda.

Nilitaka kumwaga kahawa! Kilima kile nimekiwinda tangu utoto, nikimfuata baba nyuma. Sina mke, sina mtoto. Nina ng'ombe na nina kilima. Nikikikosa, sijui Novemba nitaipeleka wapi.

Rudy alisema tu, "Haya, Bibi," akachukua biskuti nyingine. Huyu ni mume wa dada yangu Ardis. Mnene, mpole, hana haraka na lolote. Nashukuru Mungu kwa kunipa mshindani kama huyu. Angeweza kunipa mwenye akili.

Jumanne, 29 Oktoba

Ushindi! Nimegundua anapolala.

Dume huyo tunamwita Shemasi, kwa sababu kamera niliyoifunga mtini humnasa Jumapili asubuhi tu, sisi sote tukiwa kanisani. Leo nimepanda kilima mchana, upepo ukinipiga usoni, nikitembea kama mwizi wa mayai. Kwenye kibega cha kilima upande wa mashariki, chini ya mwaloni ulioanguka, nikaona nyasi zimelala chapa. Malalo makubwa. Manyoya mazito. Mzee mwenyewe!

Amechagua vizuri, sina budi kumsifu. Mgongoni upepo unamletea harufu ya kila anayeshuka kutoka juu, machoni anaona kila anayepanda kutoka chini. Wapumbavu humngojea shambani kwenye mahindi, naye hafiki huko mpaka giza liingie. Mimi nitamngojea mlangoni kwake. Jioni anainuka, anajinyoosha, anapiga hatua chache, mshale unamkuta.

Hatari ni moja. Akikunusa chumbani kwake, amehama. Hakuna nafasi ya pili.

Upepo ninaoutaka unakuja Jumamosi. Nguo za kuwindia nimezifua kwa ile sabuni isiyo na harufu, nimezianika uani, nimezifungia ndani ya sanduku pamoja na majani ya mwaloni. Zinanuka msitu mtupu. Mimi mwenyewe nimeacha vitunguu tangu leo.

Jumatano, 30 Oktoba

Lililobaki ni kumwondoa Rudy njiani. Kwa upole lakini. Ni ndugu.

Nimemkuta akitengeneza trekta langu bila kuombwa. Mtu mzuri sana. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Shemasi nimemwona mara mbili akipita kwenye kona ya ua, kule magharibi, nyuma ya mgongo wa kilima, karibu na lile dimbwi la ng'ombe. Uongo mtupu. Kwenye kona ile hapajapita hata sungura.

Akafuta mikono. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kama ninavyoijua sala ya Bwana. Akauliza mimi nitakuwa wapi. Nikasema, aa, huku mashariki, nahangaika tu, usinijali.

"Basi nitakaa hapo hapo uliposema, shemeji," akasema, akanishika bega. "Asante sana."

Karibu moyo uniume. Mwaka jana nilimpeleka kwenye daraja bovu, akapata dume mzuri tu. Mwaka juzi kwenye mabomba ya zamani, akapata tena. Bahati ya mtu mnene. Mwaka huu haiwezi kujirudia.

Ijumaa, 1 Novemba

Balaa limeingia. Jina lake ni Ardis.

Kesho ni karamu ya samaki wa magadi kanisani. Nilijua. Nilisahau kwa makusudi. Dada yangu ndiye mkuu wa jiko, na amenipanga kwenye masufuria kuanzia asubuhi. Nikamweleza kwamba nina shughuli. Akauliza shughuli gani mtu asiye na mke wala mtoto anayo Jumamosi ya karamu. Nikasema ya kiroho. Akasema, "Delmar, usinichezee. Utachemsha samaki mpaka saa nane, ndipo uende ukakae juu ya mti wako."

Mkali kama mama, pumzika kwa amani mama. Lakini nashukuru ninaye.

Nimekwisha kupata ufumbuzi. Nguo za kuwindia nitazivaa kabisa tangu asubuhi, ndani ya aproni. Saa nane navua aproni, naingia garini. Hakuna dakika itakayopotea. Sijui kwa nini wengine hawafikirii mambo kama haya.

Jumamosi, 2 Novemba

Niandike haraka kabla sijarudi kanisani kuhudumia meza.

Jiko la chini ya kanisa lilijaa mvuke. Samaki aliyelowekwa magadi siku nyingi akichemka, harufu yake haikai puani, inahamia mwilini. Saa sita nikajinusa mkono. Lo! Saa saba sufuria likanimwagikia gotini. Nikasimama nikawaza. Kurudi nyumbani kuoga? Muda hauruhusu. Kisha akili ikanijia. Kulungu wa huku wamezaliwa kati yetu, wajukuu wa Wanorwei. Babu zao na bibi zao wamemnusa samaki huyu kila Novemba. Kwao hii si harufu ya mtu. Ni harufu ya majira!

Nikaenda kwa amani.

Saa tisa nilikuwa mtini, nimefunga mkanda, upinde mkononi, mwaloni ulioanguka mbele yangu karibu kabisa. Jua zuri. Kindi mmoja akanitazama, akashuka mbio mti mzima, akapotea. Sikumjali.

Saa kumi na nusu, pembe zikatikisika nyuma ya gogo. Yesu wangu! Nilidhani ni matawi. Shemasi akainuka, mpana kama ndama wa mwaka, akajinyoosha mgongo. Nikavuta upinde. Hatua mbili zaidi tu, bega lingekuwa wazi.

Upepo ukageuka. Kidogo tu, mara moja.

Sijapata kuona mnyama akikunja uso namna ile. Akainua pua. Akapiga chafya. Akapuliza pua kwa kishindo kilichoitikiwa na kilima kizima, akaruka gogo, akapanda juu, mkia mweupe wima, akavuka mgongo wa kilima kuelekea magharibi kama aliyeona shetani.

Nikabaki na upinde umevutwa. Nikaushusha taratibu. Nikashukuru kwamba sikuanguka.

Haikupita hata robo saa, nikasikia sauti kutoka ng'ambo. "Shemejiii! Njoo tuburute!"

Desturi ya huku, ukiitwa kuburuta unakwenda, hata kama mnyama alikuwa wako moyoni. Nikaenda. Rudy amesimama kwenye kona ya ua, karibu na dimbwi, Shemasi miguuni pake, mshale mmoja safi nyuma ya bega. Rudy analia. Akanikumbatia kwa nguvu, kisha akaniachia ghafla, akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Asante, shemeji. Pole na harufu."

Tukaburuta mpaka barabarani. Kilima kimekwenda.

Jumapili, 3 Novemba

Jana karamuni Rudy alisimama na kikombe cha kahawa kuwaambia watu wote. Akasema anaye mtu mmoja wa kumshukuru, naye ni mimi. Akasema tangu amwoe Ardis amejifunza jambo moja. Delmar akikuonyesha pa kukaa, kaa hapo hapo, usiulize. Na ukisikia Delmar ameingia msituni upande wa pili, weka mshale tayari. Kanisa zima likacheka na kupiga makofi. Nikasimama nikainamisha kichwa. Sijawahi kusifiwa namna hiyo mbele za watu. Hata mchungaji alikuwa anafuta machozi.

Bibi Brekke akatimiza neno lake. Kilima ni cha Rudy. Nilitabasamu, nikagawa chapati za viazi, nikarudi nyumbani, nikalia zizini. Ninaandika ukweli. Ng'ombe walinitazama. Nilikumbuka pale kilimani baba alipokuwa akisimama kunionyesha nyayo, nikaona sitapita tena.

Leo baada ya ibada Rudy na Ardis wakaja. Wameleta nyama ya mgongo, ile laini kuliko zote, yote, hawakubakiza hata kipande. Rudy akavua kofia. Akasema kilima ni chake kwa hiyo yeye ndiye mwenye kauli, na kauli yake ni kwamba niwinde kama kawaida mpaka miguu inikatae. Tena mimi ndiye nitakayechagua pa kukaa kwanza, kila mara. Ardis akaongeza, "Bila wewe msituni, kaka, kilima hicho hakina maana kwetu."

Nikamimina kahawa, ikafurika hadi mezani. Watu hawa sistahili kuwa nao. Nikaapa moyoni kutowadanganya tena.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata malalo mengine!

Upande wa kusini, ndani ya miiba. Dume mwingine, mpana vilevile. Kiapo changu cha jana nimekitazama upya. Kilihusu Shemasi, naye amekwisha liwa.

Rudy kibali chake cha kulungu mmoja kwa mwaka kimekwisha tumika, lakini Ardis bado ana chake, na upinde wake hukosea mara chache. Nikaenda nikamwambia akakae kaskazini kabisa, kwenye lile shimo la kokoto, nimeona nyayo nyingi. Hakuna hata unyayo wa panya.

Hakubisha hata kidogo! Aliuliza tu nitaingia saa ngapi na kwa njia ipi, ili yeye awe ameshakaa. Nikamwambia kesho saa nane, kwa chini. Akaandika kiganjani asisahau. Akanibusu shavuni, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi ya mama.

Nilipokuwa natoka, Rudy alikuwa anashusha garini beseni refu la plastiki la kuburutia kulungu, jipya kabisa, na Ardis alikuwa anapanga upya friza ili nafasi ipatikane. Maskini dada yangu. Nashukuru kwa jinsi anavyoniamini, ila namhurumia, atakaa pale na baridi bure.