Radhi ya Rawon Baridi

Jumatatu asubuhi kijiwe chetu cha kahawa kwa mama yetu Bu Sarinten, pale mtaa wa Wonokromo, kilichafuka kwa ajili ya ujumbe mmoja wa simu. Uliingia kwenye simu ya Cak Gembul, kaka yetu bonge. Sendok Kilat, kampuni ya kuleta vyakula, ilikuwa inamwomba radhi kwa kumletea rawon ya baridi, ule mchuzi mweusi wa nyama ukiwa umeganda mafuta juu, na kama kifuta jasho ikampa punguzo la nusu bei.

Cak Kumis akaweka glasi chini. Masharubu yakaanza kucheza, na sisi tunaomjua tukasogeza glasi zetu pembeni. Yeye na Gembul waliagiza siku moja, saa moja, wakaletewa na bodaboda mmoja, zote baridi, wakalalamika wote wawili. Yeye hakupata hata pole.

"Mimi si mtu?" akauliza. "Au baridi yangu ilikuwa ndogo?"

Macho yote kwa Profesor. Huyu usomi wake ni miwani tu, ila anafanya kazi dawati la simu la hiyohiyo Sendok Kilat. Akatuambia hii ni siri ya ofisi, kisha akaimwaga yote kabla kahawa haijapoa. Kumbe wakubwa wanataka kujua kama kuomba radhi kuna faida. Kwa hiyo kila anayelalamika, kompyuta inamchezeshea bahati nasibu: huyu apewe punguzo, huyu apigiwe simu ya radhi, huyu aachwe hivihivi. Haiangalii sura wala cheo. Halafu wanahesabu nani amerudi kuagiza.

"Kwa hiyo mimi ni wa hivihivi," Kumis akasema.

"Wa hivihivi ndio muhimu, Cak. Bila nyinyi tutajuaje kama radhi inasaidia?"

Masharubu yakatulia kidogo. Profesor akashusha sauti. Hesabu inafungwa Ijumaa. Waliopigiwa simu wasipowazidi wa hivihivi kwa kuagiza, dawati la simu linafungwa, na watu kumi na wawili, yeye akiwemo, wanakwenda nyumbani. Na mpaka sasa wa hivihivi wanaongoza kwa mbali.

Kumis akakohoa. Akakiri kwamba tangu siku ile anaagiza rawon kila siku, akiombea ije baridi alalamike tena, safari hii naye aombwe radhi. Inakuja ya moto. Anaila kwa hasira.

Tulicheka mpaka Gembul akajimwagia kahawa kwenye suruali. Profesor hakucheka. Akauliza, sasa hao wanaobembelezwa kwenye simu wamepotelea wapi?

Bu Sarinten, aliyekuwa anakaanga ndizi, akasema bila kugeuka kwamba yeye alipigiwa. Mtu mmoja mpole anaitwa Mas Bayu alimwomba radhi dakika nzima, eti walisahau kijiko. Tangu hapo hajaagiza hata pilipili. Si kwamba amekasirika. Anaona sungkan, ile haya yetu ya kumtaabisha mtu: kwa kijiko kimoja tu mtoto wa watu kajishusha vile, je akiagiza tena na kitu kingine kikakosekana?

Profesor akashika kichwa. Hapo Gembul akaja na akili zake: Kumis anaagiza kwa sababu hajaombwa radhi, basi aombwe, aache kuagiza. Profesor akasema ni marufuku, wa hivihivi hawaguswi, hesabu yote itaharibika. Tukamkumbusha Ijumaa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka miwani sawa, akatoa sauti yake ya ofisini:

"Mheshimiwa mteja, kwa niaba ya Sendok Kilat, tunakuomba radhi kutoka moyoni kwa usumbufu ulioupata."

Machozi yakamlenga Kumis. Kisha akachomoa simu na kuanza kubonyeza. "Kampuni ina adabu namna hii, nitaiachaje? Rawon saba, leo mnakula kwangu."

Profesor hakuwahi hata kulalamika, maana upawa ulikuwa umeangukia kwenye mafuta. Bu Sarinten amegeuka, anamtazama.

"Mas Bayu," akasema. "Kumbe ni wewe."

Akakimbilia nyuma ya pazia. Kutoka huko akaanza kuomba radhi yeye: radhi kwa kutoagiza, radhi kwa kumponza kazini, radhi kwa kumuuzia kahawa miaka yote asiitambue sauti yake. Profesor uso ukamwiva. Akawa anasema hamna neno, Bu, hamna neno kabisa, huku anarudi kinyumenyume kuelekea barabarani, kahawa kaiacha nusu.

"Unakwenda wapi na rawon zinakuja?" Gembul akamuuliza.

"Nyumbani. Mama wa watu kaniomba radhi namna hii, nitakaaje hapa?"

Leo ni Jumamosi. Dawati la simu lilifungwa jana kweli, lakini Profesor wamemhamishia kwa wa hivihivi: kazi yake ni kusoma majina yao na kuhakikisha hakuna anayewapigia. Tulitaka kumpongeza, tukamsubiri mpaka ndizi zikaisha. Tunasikia siku hizi anakunywa kahawa ng'ambo ya reli, kwa mama mmoja mkali ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi.