Themostati Iliyoozwa kwa Boila Bila Kuuliziwa

Euless, Texas
Januari 2003

Kwa Ami Ubeid,
mwenye nyumba wetu, Richardson.

Assalaam alaykum, Ami. Natumai barua hii itakukuta mzima, na umekaa mahali penye joto. Sisi hatujambo, ila naandika nikiwa na glavu mikononi, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hucheka, na jambo lenyewe si la kucheka.

Kwanza nakushukuru kwa boila jipya la kupasha nyumba joto. Ni kubwa, linang'aa, na majirani wamekuja kulitazama. Malalamiko yangu yanahusu themostati, kile kidude cha kupima joto, uliyoibandika ukutani iwe inaliamuru liwake au lizimike.

1. Themostati ile uliibandua dukani kwako Houston, ilikokuwa ikiendesha kiyoyozi, na haijui kazi nyingine. Ikisikia joto inaamuru, ikisikia baridi inanyamaza. Jumamosi jua lilipotuwakia tukabaki na fulana, boila liliunguruma mchana kutwa mpaka siagi ikayeyuka mezani. Jumapili barafu ilipoanguka, likalala.

2. Nilipoleta posa ya mke wangu Nuha, mtoto wa nduguyo, uliniulizia. Uliuliza msikitini, ukauliza kazini kwangu uwanja wa ndege, ukamtuma mkeo Bi Bimdogo kwa kinyozi wangu akaulize kama huwa nakasirika nikisubirishwa. Sikuchukia, ndiyo desturi yetu. Nauliza tu, boila hili halina wazee? Fundi aliyelifunga anazijua themostati zinazopatana nalo. Hukumuuliza hata yeye. Ulisema ile ya Houston unaijua tangu zamani na haijakuvunjia heshima.

3. Jirani yetu Fidèle, Mkongo afanyaye kazi ghalani, alikuja kutuamkia. Hakuvua koti. Kabla chai haijamiminwa alisimama akasema kwa upole, "Kaka, twende inje, kule kuko bien," yaani kuzuri. Tukaenda kunywa chai kwenye maegesho. Ami, mgeni wangu amekaribishwa nje ya nyumba yako.

4. Hili ndilo linaloniumiza hasa. Hita yetu ndogo ya umeme inatosha chumba kimoja, kwa hiyo tumehamia sebuleni sote, chini ya mablanketi, na hatuna la kufanya ila kuzungumza. Binti yangu Jannat, ambaye tangu aingie sekondari hunijibu kwa Kiingereza au kwa mabega, sasa ananihoji kwa Kiswahili kama hakimu. Mama yake nilimwona wapi? Kwa nini niliondoka Unguja? Nilipofika huku nililia, au sikulia? Kwa swali hilo la mwisho nilijifanya nimelala. Akanivuta blanketi, "Baba, hujalala, unakoroma uongo." Mtu mzima anahitaji vyumba vya kujifichia, na vyangu vyote vimeganda.

Kwa hiyo naomba Bi Bimdogo aitwe aanze kuulizia upya, Houston kote, kuhusu tabia za themostati hii. Ikionekana haifai, ndoa ivunjwe bila kelele. Hilo likishindikana, nitamrudisha Nuha kwenu kwa heshima, kama mume aliyeshindwa kumtunza, nami nitafuata nyuma na watoto, mito na hita. Nasikia chumba chako cha wageni kina joto zuri.

Nisalimie Bi Bimdogo, nisalimie mwanao Sufyan na watoto wake, na jamaa wote wa Houston mmoja mmoja. Wa huku wanakusalimu kutoka chini ya blanketi.

Ni mimi mkweo na mpangaji wako mtiifu,
Ngwali

Nyongeza: Kabla sijaipeleka barua posta, fundi amefika na themostati nyingine. Kumbe Nuha alishakupigia simu. Imepatana na boila vizuri mno, nyumba nzima ina joto, hata bafuni. Nuha yuko chumbani anaongea na dada yake. Jannat amerudi chumbani kwake na mlango ameufunga. Nimesimama mlangoni nikamwambia kwamba ndiyo, nililia, tena sana. Amejibu, "Okay, Dad."

Sasa nimekaa sebuleni peke yangu, na sipendi. Ami, nakuomba kwa heshima zote, ile ya Houston uirudishe kabla baridi haijaisha.