Fimbo Isiyopinda

Jumatatu, 7 Julai

Kijitabu hiki nilipewa kliniki niandike presha kila asubuhi. Presha iko sawa. Mwenye presha hayuko sawa. Basi naandika habari yangu.

Mutai amepiga simu. Mashua yake ina viti viwili. Cha kwanza chake, karibu na injini. Cha pili changu, mwaka wa tatu huu. Changu! Alama ya makalio yangu iko pale. Sasa ananiambia Jumamosi atatupima, mimi na Nzeyimana, yule Mrundi anayeparki magari hotelini, aliyekuja kanisani kwetu Pasaka tu. Eti amezaliwa Rumonge, ukingoni mwa ziwa, na anaota maji. Mutai moyo ukamyeyuka kama siagi. Masharti: kila mtu na fimbo yake ya kuvulia. Chambo cha kuelea juu ya maji, hakuna minyoo. Atakayemtoa yule samaki wanayemwita besi anachukua kiti. Mwingine atabaki nchi kavu na jiko, ageuze nyama.

Nikamkumbusha kwamba tulitahiriwa mwaka mmoja. Akasema samaki hawajui hilo.

Miaka yote hii nimevua kwa fimbo ya Mutai. Sikujua ni mtego.

Usicheke, kijitabu. Tangu mke wangu Jelagat azikwe, naongea na friji. Binti yangu Jepkosgei yuko shifti, au amelala, au yuko njiani kwenda shifti. Ni kwenye ile mashua tu mtu ananijibu. Hata akinitukana, ananijibu.

Jumanne, 8 Julai

Basi mbili hadi duka la vifaa vya uvuvi. Fimbo kama msitu! Akanipokea dada mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, lakini mikono yangu ilisoma zaidi, tukaelewana.

Akasema kwa chambo cha kuelea nichukue ile ambayo kigurudumu cha uzi kinaning'inia chini, kama kiwele. Hapo sawa. Isifike futi saba. Hapo pia sawa. Kisha akasema iwe ya uzito wa kati, ncha yake laini, ili chambo kicheze majini kama chura aliyelewa, na samaki akigeuza kichwa fimbo imfuate, asichomoke. Akaishika moja, akaibonyeza ncha. Ikainama kama mbwa aliyeiba.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Sisi watu wa ng'ombe tunajua fimbo! Unafunga jicho moja uone kama imenyooka. Unaipiga kiganjani. Unaichapa chini. Ikipinda, unampa mtoto akachunge mbuzi, kwa maana fahali hataiheshimu. Nikazijaribu moja moja. Nilipochapa rafu, pakiti za minyoo ya plastiki zikamwagika na meneja akatoa kichwa.

Mwisho nikaipata. Imeandikwa H, yaani heavy. Nzito. Haipindi hata ukiiegemea, na niliiegemea. Dada akasema, "Baba, hiyo ni ya kumng'oa samaki kwenye majani mazito, siyo ya chambo hiki." Muuzaji akikukataza kununua kitu, jua amemwekea mjomba wake.

Nikanunua.

Jumatano, 9 Julai

Mungu yupo! Baada ya maombi Nzeyimana amenifuata penye viti. Anasema kwao alivua kwa taa na nyavu, fimbo ya kigurudumu hajawahi kuishika. "Mzee wangu, wewe ndiye umezoea. Nielekeze."

Mimi! Ameniuliza mimi!

Nikampa maneno yote ya yule dada, hakuna lililodondoka. Uzito wa kati. Isifike futi saba. Ncha legelege. Akaandika nyuma ya bahasha ya sadaka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipofika nje nikajificha nyuma ya gari la pasta nicheke vizuri.

Ijumaa, 11 Julai

Mazoezi hapa chini, penye magari ya apatimenti. Chambo kinaanguka hatua sita mbele yangu, pu! kama mate ya mlevi. Upepo. Hakukuwa na upepo, lakini ulikuwa unakuja.

Nyaguthii, jirani wa ghorofa ya pili, akauliza kutoka roshanini kama nafukuza bata. Nikamwambia githeri yake inaungua. Jepkosgei naye, akitoka kazini, akaitazama fimbo akasema, "Baba, hiyo si ya kupakia dari rangi?" Nikamwambia apime watu presha, samaki aniachie mimi.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya. Nitaandika upesi.

Mto Potomac ulitulia kama uji kwenye sufuria. Nikasema naanza mimi, ni mkubwa. Saa moja kila mtu. Chambo changu kikawa kinaanguka karibu mno hata Mutai akauliza kama natafuta samaki au pete. Lakini nikamwona! Maji yakapasuka, mdomo kama mfuko wa shule! Nikavuta hapo hapo, kwa nguvu ya ng'ombe wanne. Chambo kikamtoka mdomoni, kikarudi kikilia hewani, ndoana zikanasa kofia ya Mutai. Nikashtuka nikavuta tena. Kofia ikaruka majini, ikaachia, ikazama. Ile kofia aliyovaa siku ya kiapo cha uraia wa Marekani.

Mutai akawasha injini. Alinirudisha nchi kavu, upara uking'aa.

Nikawatazama nikiwa kwenye jiko. Nzeyimana akarusha. Uzi ulikwenda, ukaenda, ukaenda. Chambo kikacheza kama chura aliyelewa. Maji yakapasuka. Fimbo ile legelege ikainama mpaka nikafurahi, nikasema sasa inavunjika. Haikuvunjika. Ilimfuata samaki huku na huku, ikamchosha, ikamleta. Besi mnono! Nikasikia Mutai akipiga kelele ya shangwe ambayo hajanipigia hata siku moja.

Niliunguza nyama. Si kwa bahati mbaya.

Jumapili, 13 Julai

Nzeyimana ametoa ushuhuda. Mbele ya kanisa zima! Kwamba Mzee Festus, yaani mimi, alikuwa mshindani wake, angeweza kumficha, hakumficha, alimwelekeza kama ndugu wa tumbo moja. Imana, ndivyo kwao wanavyomwita Mungu, imbariki. Pasta akaniomba nisimame. Nikasimama. Ningefanyaje? Nimepigiwa makofi kwa dhambi.

Nje Mutai akanipa mkono. Akasema kumbe nina moyo, hakujua. Kiti ni cha Nzeyimana, lakini Nzeyimana mwenyewe amemwomba nipewe nafasi nyingine tarehe ishirini na sita. Ameniombea! Yeye! Bora angenitemea mate.

Jumamosi ijayo watakuwa wawili kule katikati ya maji, wakijibizana. Mimi na jiko.

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi dukani na malalamiko. Yule dada akauliza nilifanya nini maji yalipopasuka. Nikamwonyesha. Akainama akijishika goti kwa kicheko. Akasema, "Baba, usivute ukimwona. Ngoja. Ngoja mpaka usikie uzito wake kwenye fimbo, ndipo uvute." Akanishikisha tena ile fimbo yake ya mbwa mwizi.

Nikamshukuru sana.

Ningoje! Samaki kaja mdomo wazi, mimi nimngoje kama basi! Huo ndio ushauri wa kumpa adui.

Nimempigia Nzeyimana nikiwa bado mlangoni. Nimempa neno kwa neno: ngoja, sikia uzito, vuta. Ameandika. Ameniita baba.

Kisha nikarudi ndani, nikabadilisha fimbo yangu kwa nyingine, nene kuliko ya kwanza. Nimeiegemea. Haitikisiki.

Presha: 118 kwa 76. Safi kabisa.