Madam Phelesia na Amiba wa Silanga

Nyamazeni, enyi wakata miwa wa Awendo! Nanyi wa Lambwe, fungeni ng'ombe kwanza, mje msikie vita vya Phelesia, mwalimu wa biolojia, Simba-jike wa Maabara, aliyepigana na adui asiye na kichwa, wala miguu, wala haya.

Chanzo kilikuwa swali. Phelesia alikuwa akimchora amiba ubaoni kama afanyavyo kila mwaka, mnono kama kiazi kilichokanyagwa, ndipo Millicent wa dawati la mbele akainua mkono.

"Madam, wewe mwenyewe umewahi kumwona?"

Lo! Hakuwahi. Alimtoa kitabuni tu, na mwenye kitabu alimtoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Aibu ikampanda hadi masikioni, akanguruma: "Enyi wana wa Awendo! Kesho, kabla ya kengele ya chai, nitamleta mbele yenu akiwa hai. Nikishindwa, Millicent atashika chaki hii, nami nitakaa dawatini pake!"

Kesho yake Mzee Job, mhudumu wa maabara, akarejea kutoka silanga, bwawa la kunyweshea ng'ombe, na chupa ya maji. Phelesia akaiinamia hadubini, akafumba jicho moja.

"Nimempata! Mviringo, ukingo mweusi, anang'aa!"

Lilikuwa povu la hewa. Akashambulia tena, akateka ukope wake mwenyewe. Millicent, mtoto mtundu, alikwisha kuanza kupangusa chaki.

Ndipo pua ya shujaa ikanusa jambo. "Mzee Job, maji haya umeyafanyaje?"

Job akatunisha kifua. "Madam! Mimi ni mtu wa Homa Bay, mwana wa ziwa, kipindupindu nakijua. Nimletee mwalimu maji mabichi, ng'ombe wameyakojolea? Siwezi, haki ya Mungu! Nimeyachemsha, kisha nikayatia dawa."

"Yawa! Mzee, umeangamiza jeshi zima!"

Akatoka mbio, viatu mkononi, akajitosa silangani hadi magotini mbele ya ng'ombe walioduwaa, akachota tope na majani yaliyooza. Akarudi akitweta, akadondosha tone moja chini ya hadubini.

Kikapita kidubwana cha rangi ya majivu. Kikasukuma upande mmoja wa mwili wake mbele, kisha kikajimwaga chote kuufuata, polepole, kama uji unaotafuta njia mezani. Phelesia hakunguruma. Machozi yalimlengalenga.

"Ndiye," akanong'ona.

Wanafunzi wakapanga foleni. Millicent akatazama sana.

"Madam, lakini hafanani na mchoro wako."

"Mchoro wangu ndio haufanani naye," akasema Phelesia, akaufuta ubao wote.

Millicent akaiokota chaki, akampa kwa mikono miwili. "Chora tena, Madam."

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, wajukuu wasije wakabisha! Siku hiyo Awendo ilimwona amiba uso kwa uso, ijapokuwa uso hana. Kengele ya chai ililia hadi ikachoka, na chai ikanywewa ikiwa imepoa, wala hakuna aliyelalamika.