Korosho Zinazosikilizwa

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Nimeanza majaribio kwenye ghala la korosho hapa Lindi. Wiki moja. Nikifaulu, mimi ndiye mpima ubora. Nikishindwa, naenda kupalilia kwa mjomba, na mama ameshatangaza mtaa wetu mzima wa Mtanda kuwa mwanawe Twalib ni bosi. Nimekuja na shahada yangu ya biashara ya kilimo. Msimamizi, Bwana Haruna, hakuitazama. Kaniuliza kama nina kisu cha kupasulia korosho. Kisu! Hapa pana namna.

Jumanne, 5 Novemba
Mshindani wangu ni Ziada. Kidato cha nne, basi. Anatikisa korosho sikioni, anasikiliza, kisha anatenga gunia. Anaongea na nani? Nimeandika saa na dakika.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemshtaki Ziada kwa Bwana Haruna: ushirikina kazini. Akasema korosho kavu hucheza ndani ya ganda, mbichi hunyamaza. Akaniuliza chuoni miaka mitatu tulikuwa tunatikisa nini. Watu wakacheka. Majina yao ninayo.

Alhamisi, 7 Novemba
Magunia arobaini, zamu yangu. Ziada akaninong'oneza nizamishe mkono hadi kwapani, maana wajanja huweka kavu juu. Mshindani akushauri bure? Thubutu! Na hili ni shati langu la mahafali. Nimechota za juu, nimeandika ripoti ya kurasa kumi na mbili, majedwali ya rangi. Nimepitisha mzigo.

Jumamosi, 9 Novemba
Juu kavu, chini mbichi tupu, zinatoa jasho. Mnunuzi kakataa mzigo wote. Bwana Haruna hakufoka, jambo lililonitia shaka zaidi. Kasema, "Kazi ni ya Ziada. Lakini kubali akufundishe mwezi mmoja, nikupe ghala la Somanga." Huruma yote hii ya nini? Mtego.

Jumatatu, 11 Novemba
Ziada kaniita, eti kaka njoo tuanze. Nikampa barua: kabla hajanifundisha, awasilishe vyeti halisi na wadhamini wawili. Akaisoma, akaikunja, akarudi kwenye magunia yake. Saa nane ukaja ujumbe wa Bwana Haruna: Somanga kapewa mtu mwingine. Mama amelia sana, na roho imeniuma. Nimemwambia hawa wamekimbia hoja, mwenye vyeti hachukii kuulizwa. Jioni mjomba akapiga simu, jembe langu ameshalinoa. Kajuaje upesi hivyo? Kumbe njama yote ilianzia shambani.