Mbega Niliyemwona kwa Darubini

Niliumbuka, wenzangu. Ilikuwa miaka ya sitini, lakini nikikumbuka bado natafuta pa kuficha uso.

Nilikuwa mwalimu kijana huku Funyula, mchumba wa Taaka. Kwaya yetu ilikodi lori kwenda msitu wa Kakamega kuona kima, mbega na ndege. Nikaazima darubini ya mwalimu mkuu, nikamwambia Taaka kwamba mbega nawajua kama ng'ombe wa baba. (Uongo. Sikuwa nimemwona hata mmoja.)

Mama yake naye akaja! Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na kumwona akila ni balaa. Uchumba unaweza kuvunjika. Basi yeye akakaa mbele kwa dereva, mimi nyuma. Msituni akashika njia yake, mimi yangu. Heshima kamili.

Mambo yalianza vizuri. Tuliona ndege wa buluu, mkubwa kama jogoo. Kima wakatudondoshea maganda. Kichwa kikanivimba.

Ndipo nikaona, ng'ambo ya kijito, kati ya majani, kitu cheusi chenye weupe mabegani.

"Mbega!"

Kwaya nzima ikajipanga nyuma yangu.

"Mbona yuko chini, mwalimu?" akauliza Wandera, mpiga ngoma wetu.

"Amezeeka. Kupanda hawezi tena." (Nani alinituma nieleze?)

Nikainua darubini. "Anatafuna! Oneni mashavu hayo! Dume zee kabisa!"

Taaka akanivuta shati. "Toa hiyo kitu machoni!"

"Ngoja, anageuka..."

Akageuka. Nilimwona mpaka pengo la jino. Mama mkwe! Gauni jeusi, kitambaa cheupe mabegani, ndizi mdomoni. Maskini, alijificha huko ili nisimwone akila. Na kijito kilikuwa chembamba. Alisikia kila neno.

Nikasingizia darubini ni mbovu. Njiani kurudi, kwaya ilicheka hadi Mumias. Taaka hakucheka.

Wiki nzima hakunisemesha. Nikajua nimempoteza. Kisha akaja na neno la mama yake: "Mwambie alete kuku wa kuosha macho yake. Dume zee bado linamtaka mkwe."

Nilipeleka wawili, tukaoana. Lakini kumwomba radhi mwenyewe sikuweza, mila haikuruhusu, na sasa hayupo. Kosa nililifanya usoni pake, msamaha ukabebwa na kuku.

Msicheke sana. Taaka anasoma hapa begani pangu, na ameshaanza.